Swali Aliloliruka Mwinjilisti

Tangu Jumapili mchana Fundi hakutulia mahali pamoja hata kwa muda wa maji kuchemka. Alikaa kwenye cherehani, akainuka. Akaenda dirishani, akakuta hakuna alichokifuata, akarudi. Kitambaa cha zambarau cha madhabahu, ambacho kilitakiwa kiwe tayari kabla ya Jumatano ya Majivu, alikipinda upindo kwa upande usio wake, akaufumua, akaupinda tena vilevile. Mama yake, aliyekuwa ukumbini akichambua mbegu za mahindi zilizobarikiwa kanisani, alimtazama kwa pembe ya jicho akasema kitambaa hicho kimeanza kufunga Kwaresima kabla ya Wakristo wenzake.

Fundi hakucheka. Yeye ndiye bibi harusi, na harusi ilikuwa Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, jua limeshapanda, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua kama harusi ipo au haipo.

Chanzo kilikuwa tangazo. Katika usharika ule ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mwinjilisti husoma majina kutoka kwenye daftari, kisha huuliza kama yupo anayejua kizuizi chochote, aseme. Ananyamaza kidogo. Watu wanakohoa, watoto wanageuka kutazama nyuma, halafu wimbo unaanza. Jumapili ya kwanza aliuliza. Ya pili aliuliza. Jumapili ya tatu alisoma majina ya Fundi na mchumba wake kwa sauti safi kabisa, akainua uso, macho yake yakaenda moja kwa moja benchi la nne upande wa akina mama, yakatua. Akafunga daftari. Akataja namba ya wimbo.

Waumini wengi hawakugundua, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya na kila mtu mawazo yake yalikuwa shambani. Lakini Mzee Kanuni aligundua. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtunza madaftari, na jina hilo hakupewa bure: aliwahi kumsimamisha bibi harusi mlangoni, shela kichwani, kwa kuwa cheti chake cha ubatizo kilikuwa na doa la chai juu ya tarehe. Ibada ilipokwisha tu alimfuata mama yake Fundi nje, akamweleza kwa upole wa daktari kwamba tangazo lisilo na swali si tangazo. Kwa hiyo matangazo ni mawili. Kwa hiyo hakuna ndoa Jumanne. Na Jumatano Kwaresima inaingia, siku arobaini ambazo kanisa halifungishi ndoa ya mtu yeyote.

Mama alikuwa mtu wa kusikia jambo mara moja. Alimwomba Mzee Kanuni ampigie simu mchungaji, aliyekuwa na sharika nne za kuzunguka na alitarajiwa kufika Jumanne asubuhi. Mchungaji alifikiri, akasema kama Mwinjilisti ataandika kwa sahihi yake kwamba alisahau, basi kusahau ni kwa binadamu, tangazo litahesabiwa na ndoa itafungwa. Mzee Kanuni akaandika barua mwenyewe, nzuri, yenye mihuri miwili. Akampelekea Mwinjilisti Jumapili jioni. Mwinjilisti akasema kwanza aiombee, akamrudishia. Akaipeleka tena Jumatatu alfajiri. Mwinjilisti akasema bado anaiombea, na Mzee akaja kuiacha kwa mama.

"Barua ya mistari minne inaombewa kama mgonjwa," mama alisema. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono. "Wewe nenda nayo."

Fundi alisema si kawaida bibi harusi kuhangaikia karatasi zake mwenyewe.

"Si kawaida pia mwinjilisti kusahau swali moja katika maswali yote ya dunia. Wewe ndiye unayemshonea kanzu. Hawezi kukukatalia." Mama alimpa barua, lakini hakuiachia upesi. "Mwanangu, mwanamume wa barabara haahirishwi. Ukimwambia asubiri, greda inasonga mbele."

Mchumba alikuwa dereva wa greda, na watu walimwita hivyohivyo, Greda. Kazi yake ilikuwa kusawazisha barabara za mbali, kambi ikihama kila baada ya miezi michache. Alirudi nyumbani mara chache kwa mwaka, na Alhamisi alitakiwa awe amerudi kambini. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomsumbua Fundi kuliko yote. Angekuwa mlevi au mwongo, dunia nzima ingemsaidia kumkataa.

Alitoka na barua kifuani, ndani ya nguo. Njia ya kwenda kanisani ilipita katikati ya mashamba yaliyokwisha kulimwa, mabonge ya udongo yamekaa yanangoja mvua. Akina mama waliokuwa wakikusanya majani makavu walimwita wakamtania. Mmoja alimuuliza kama kesho wavae viatu vya harusi au waje na majembe. Fundi alijibu waje na vyote viwili, wakacheka, akapita, uso ukiwaka moto.

Alijua. Hilo ndilo lilikuwa linamtembeza ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kanisa zima lilikuwa na watu mia mbili, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba Mwinjilisti hakusahau.

Alimkuta nyuma ya ofisi ya usharika, amechuchumaa mbele ya karai bovu, anachoma matawi ya mitende. Yalikuwa matawi ya mwaka jana, yale ambayo kila nyumba huchomeka juu ya mlango baada ya Jumapili ya Mitende, kisha huyarudisha yakiwa makavu, mengine na utando wa buibui, ili yachomwe yapatikane majivu ya Jumatano. Mikono ya shati alikuwa ameikunja. Pembeni palikuwa na chujio la chai la kuchekechea majivu na kikombe cha mafuta. Alipomwona alisimama, akajifuta viganja kwenye suruali, akaongeza weusi mahali palipokuwa safi.

"Karibu, Dada Fundi."

"Asante, Mtumishi."

Hilo neno "dada" alilijua. Kanisani kila mtu ni dada na kila mtu ni kaka, lakini yeye alikuwa akilitamka kama mtu anayefunga komeo, taratibu, akihakikisha limeingia.

Mwinjilisti alimwambia kama ni ile barua, Mzee ameshakuja nayo mara mbili.

"Safari hii imekuja na miguu mingine," Fundi alisema, akaitoa kifuani.

Hakuipokea. Alimwonyesha viganja vyake vyeusi kuwa ndiyo sababu. Basi Fundi akaikunjua, akaisoma yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha nguo: kwamba mimi Mwinjilisti wa usharika huu nakiri kuwa, kwa udhaifu wa kibinadamu, siku ya Jumapili nilisahau kuuliza swali lililo katika utaratibu, na naomba tangazo lihesabike.

"Mzee ana mkono mzuri wa kuandika," Mwinjilisti alisema. "Hata mimi nikiisikia naamini."

"Ulisahau?"

Alichukua kijiti akachokoa moto. Tawi moja lilishika, likawaka kwa ghafla, likazimika.

"Unaniuliza kama fundi au kama bibi harusi?"

"Nakuuliza kama mtu aliyekuwa amekaa benchi la nne."

"Sikusahau," alisema.

Fundi alikuwa ameijua habari hiyo kwa siku moja na usiku wake, akaibeba, akalala nayo, akaamka nayo. Lakini kuijua ni jambo moja na kuisikia ni jingine. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Akamuuliza kwa nini.

"Swali lile linaulizwa kwa kila aliyemo kanisani. Na mimi nilikuwemo. Ningeuliza, ingenibidi nijibu."

Moshi uligeuka ukawajia. Wote wawili walifumba macho, na Fundi alishukuru, maana sasa yalikuwa na sababu ya kutoa machozi.

Mambo haya hayakuanza Jumapili. Yalianza kwenye mafundisho ya ndoa. Kila wachumba walitakiwa kuhudhuria masomo manne kwa Mwinjilisti, mlango wa ofisi ukiwa wazi na mke wa Mzee Kanuni amekaa kizingitini akisuka ukili. Greda alihudhuria la kwanza na la mwisho. La pili na la tatu alikuwa kambini, akatuma salamu kwamba mwenzake amsikilizie. Kwa hiyo wiki mbili mfululizo Fundi alikaa na Mwinjilisti, meza katikati, wakizungumzia jinsi watu wawili wanavyoishi nyumba moja. Somo la tatu lilihusu kusikilizana. Alimuuliza, kama kitabu kilivyomwagiza kuuliza, ni kitu gani anakitaka zaidi kwa mume. Fundi alijibu bila kufikiri kwamba angependa mtu anayeuliza swali kisha akangoja jibu. Mwinjilisti alikuwa na kalamu, alitakiwa aandike. Aliiweka kalamu chini. Akangoja aendelee. Na Fundi, ambaye nyumbani alijulikana kwa kumeza maneno, aliongea mpaka mke wa Mzee Kanuni akamaliza ukili wote akaanza kuufumua ili apate sababu ya kukaa.

Tangu siku ile hawakusemezana neno lisilo la kanisa. Macho ndiyo yaliyokuwa yanasalimiana.

"Unajua umenifanyia nini?" Fundi alisema sasa, na hasira ikamjia kwa kuchelewa. "Mama hajala tangu jana. Watu njiani wananiuliza wavae nini. Ungejibu basi, nikajua moja. Au ungeuliza ukanyamaza, kama wanaume wengine wanavyonyamaza wakaishi. Wewe umekwenda kusimama katikati, hapo ambapo hata mlango hakuna."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli. Ni rahisi mno kuniambia ni kweli."

Alikubali na hilo, kwa kichwa. Kisha akamweleza mambo yalivyo, bila kujitetea. Akiweka sahihi, kesho saa nne mchungaji atafika, Fundi ataolewa, naye atasimama pembeni amshikie mchungaji kitabu. Asipoweka, ataandika barua nyingine kwa mkono wake mwenyewe, atasema aliruka swali kwa makusudi. Watamhamisha, au watamsimamisha kazi. Hilo ni lake, lisimsumbue. Fundi atabaki na mchumba wake, na Kwaresima nzima ya kufikiri.

"Kwa hiyo niweke?" alisema, akinyoosha mkono kuichukua barua. "Nitaweka, Fundi. Kama ndiyo amani yako, nitaandika kwamba nilisahau, na Mungu nitamweleza mwenyewe."

Fundi alisikia kwamba komeo halikufungwa. Safari hii alisema "Fundi" tu, bila "dada".

"Huniulizi?"

"Nimeuliza."

"Umeniuliza kuhusu barua. Jumapili umeliruka, na leo unaliruka. Hili swali limekukosea nini?"

Mwinjilisti aliweka kijiti chini. Alikuwa mtu mrefu, na alipochuchumaa mbele ya ngazi ili macho yao yalingane, alionekana kama mtu anayejifunza kukaa.

"Sina shamba," alisema. "Sanduku moja na baiskeli. Nyumba ninayolala ni ya kanisa, nikifa kesho wanabadilisha shuka. Unalijua hilo kabla sijauliza?"

"Mama yangu analisema kila akikuona. Uliza."

"Kuna kizuizi?"

Akangoja.

Jogoo alipita kati yao, akatazama karai, akaona hakuna chake. Mbali kidogo mtu alikuwa anagonga jembe kwenye jiwe kulitoa udongo. Na Mwinjilisti bado alikuwa anangoja, majivu yamemtua kwenye nyusi, hakujisogeza, hakumalizia sentensi kwa niaba yake. Hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli. Mtu asiyengojwa husema chochote, kwani hakuna anayesikiliza. Anayengojwa lazima aseme lililomo.

"Kipo," alisema.

Akaikunja barua mara mbili, akairudisha kifuani.

Mwinjilisti alitaka kusema kitu, Fundi akamkataza. Alimwambia asimfuate, asikanyage nyumbani kwao leo wala kesho. Aandike barua yake, aseme ya kwake tu. "Haya ya kwangu nitayamaliza mwenyewe. Yasiwe na alama ya mkono wako, maana una masizi mpaka kwenye viwiko."

"Na wakinihamisha wiki hii?"

"Nitasikia. Cherehani yangu ni ya mkono. Inabebeka."

Akaondoka kabla hajaona hayo maneno yamemfanya nini usoni. Alikuwa na haja ya miguu yake yote miwili.

Nyumbani mama alikuwa bado na ungo, lakini mbegu nzuri na mbovu alikuwa amezichanganya tena bila kujua. Aliuliza kama Mwinjilisti ameweka sahihi.

"Sikumpa nafasi."

Mama aliinamisha kichwa juu ya mahindi. Alipoinua, sauti yake ilikuwa ya chini kuliko Fundi alivyotarajia.

"Nilikutuma ili urudi uniambie kwamba ninayoyaona siyo. Umerudi nayo yote."

"Nisamehe, mama."

"Mtu yule kila baada ya miaka mitatu anapakiwa kama kabati. Leo hapa, kesho mlimani. Utazaa kila mtoto kati ya majirani wapya."

"Nitawajua majina yao."

"Usinichekeshe nimekasirika." Aliunyanyua ungo, akauweka. Alisema kwamba Greda ni mtoto wa watu, alikuja kwa heshima na wazazi wake, alikaa kwenye kiti kile pale. Fundi aliuliza kama atamsaidia kwenda kusema naye.

"Kumkaribisha nilimkaribisha mimi. Kumtoa, unamtoa wewe. Nenda kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako, na usilie huko, maana mwenye kulia ni yeye."

Nyumba ya Greda ilikuwa upande wa pili wa kijito, mpya, haijapigwa plasta nje. Alimkuta amesimama nje ya ukuta, mwiko mkononi, na ukutani palikuwa na tundu kubwa ambalo wiki iliyopita halikuwepo. Greda alipomwona alicheka kwa furaha, cheko lake kubwa la mtu aliyezoea kushindana na injini, akamwambia alikuwa hataki aone mpaka kesho, lakini basi, ameona. Ni dirisha. Chumba kilikuwa na giza, na mtu wa cherehani anahitaji mwanga.

Fundi aliyekuwa amepanga maneno tangu kijitoni aliyakosa yote. Akasema lile lililobaki: kwamba Mwinjilisti hakusahau, kwamba barua haitawekwa sahihi, na hata ingewekwa, yeye mwenyewe hawezi kuolewa naye.

Greda hakuonekana kuelewa, kisha akaelewa. Uso wake ulikaa wazi, bila mahali pa kujificha.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Hajanigusa hata mkono. Lakini ni yeye."

"Ulijua jana?"

"Nilijua palepale kanisani."

Greda alilitazama tundu. "Mimi ukuta nimeuvunja jana jioni," alisema.

Fundi alitamani Greda amtukane, amrushie mwiko, afanye chochote ambacho kingemfanya yeye, Fundi, awe mdogo kidogo katika kosa. Greda hakufanya. Alimwambia aende kwa Mzee Kanuni kabla hajafunga ofisi, akaseme mwenyewe, kwa kuwa yeye, Greda, hatasimama mbele ya mzee yule kusema amekataliwa. Wazazi wake atawaambia leo. Fundi alisema atakwenda sasa hivi.

"Ngoja." Fremu ya mbao ilikuwa imeegemea ukutani. Aliinyanyua, akaipachika kwenye tundu, ikayumba. "Saruji nimeshachanganya, na mvua hiyo inakuja. Peke yangu haikai. Ingia ndani uishike."

Fundi aliingia kwenye chumba kile ambacho kingekuwa chake, akaishika fremu kwa mikono miwili. Greda alijaza saruji kuzunguka, upande mmoja, upande wa pili, juu, akikandamiza kwa ncha ya mwiko, polepole, kazi safi. Nyuso zao zilitenganishwa na upana wa dirisha, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tone la kwanza la mvua liligonga bati, la pili likachelewa. Mikono ilimuuma Fundi mpaka mabegani, lakini hakusema.

"Sasa achia," Greda alisema.

Fundi aliachia kidole kimoja kimoja, akingoja aione ikianguka. Haikuanguka. Greda aliigonga mara moja kwa kifundo cha mkono, akaridhika, akachukua ndoo akaenda kuosha mwiko wake kabla saruji haijaganda.